Neno la Kiingereza 'Attach' na Vitenzi Vyetu vya Kushikanisha

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni karani wa masjala katika halmashauri moja ya wilaya, na kila siku ninaandika barua zinazokwenda na nyaraka nyingine. Mkuu wangu wa kazi anataka niandike "nimeambatanisha", mwenzangu aliyesoma Kiswahili chuoni anasisitiza "nimeambatisha", na juma lililopita tulipokea barua iliyosema "tafadhali pata iliyoambatishwa". Waingereza wana neno moja tu, 'attach', nasi tunavutana kila siku. Lipi ni sahihi?
Karani, Dodoma

JIBU: Marahaba, ndugu yetu. Mkuu wako wa kazi hajakosea, wala mwenzako hajakosea. Kosa limo katika ile barua mliyoipokea, nami nitairudia baada ya kueleza tofauti iliyopo kati ya maneno yenu mawili, kwa sababu tofauti hiyo ipo na inafaa kuitunza.

Mzizi wa yote mawili ni kitenzi ambata, chenye maana ya kushikana na kitu kwa karibu, kama utomvu wa fenesi unavyoambata mkononi. Tukikiongezea kiambishi cha kusababisha tunapata ambatisha, yaani kukifanya kitu kiambate kwenye kingine. Lakini tukitaka kusema kwamba vitu vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, au vinakwenda pamoja, tunasema vinaambatana, na mtu anayevifanya viwe hivyo huviambatanisha. Kwa hiyo ambatisha hutazama upande mmoja, palipo na kitu kikuu na kitu kinachokifuata, ilhali ambatanisha huviweka vitu bega kwa bega bila kukifanya kimoja kuwa mfuasi wa kingine. Barua yako ndiyo kuu na nakala ya risiti ni mfuasi wake, hivyo ungeandika: "Nimeambatisha nakala ya risiti kwenye barua hii." Ikiwa mwombaji anatakiwa kuleta fomu na cheti cha kuzaliwa kama vitu viwili vyenye uzito sawa, ungemwandikia: "Ambatanisha fomu na cheti cha kuzaliwa." Utaona kwamba hata viunganishi vinatofautiana: tunaambatisha kitu kwenye kitu, lakini tunaambatanisha kitu na kitu.

Katika matumizi ya kila siku watu huyabadilishana maneno hayo bila madhara, nami sitamlaumu mtu kwa hilo. Ninachokuombeni ni kwamba ofisi yenu ichague nomino moja na kuishika. Mkiandika "Kiambatisho Na. 1" katika ukurasa wa kwanza, msiandike "Kiambatanisho Na. 2" katika ukurasa wa tatu, maana msomaji makini atadhani hizo ni aina mbili za nyaraka. Kama uamuzi ungekuwa wangu ningechagua kiambatisho, kwa kuwa ni fupi na kwa kuwa nyaraka nyingi za ofisini kweli ni wafuasi wa barua.

Sasa nirudi kwenye "tafadhali pata iliyoambatishwa". Hiyo ni sentensi ya Kiingereza iliyovishwa maneno ya Kiswahili. Waingereza huandika kwa mazoea ya kiofisi kwamba mpokeaji aikute nyaraka iliyoambatishwa, na mtafsiri akatafsiri neno baada ya neno. Katika Kiswahili mtu hupata alichokuwa akikitafuta au alichokikosa, na aliyekwisha kuishika bahasha mkononi hahitaji kuamriwa apate kilichomo. Sema tu: "Nimeambatisha nakala ya mkataba", au ukitaka kauli isiyomtaja mtendaji, "Nakala ya mkataba imeambatishwa kwa rejea yako." Kama nyaraka haikubanwa kwa pini wala klipu bali imetiwa tu katika bahasha ileile, Kiingereza hubadilisha neno na kuacha kutumia 'attach'. Sisi hatulazimiki kufanya hivyo, kwa sababu kuambatana kwetu hakudai mguso. Tunasema mvua ziliambatana na upepo mkali, tunasema waziri aliambatana na wataalamu wake, na hakuna aliyebanwa kwa pini.

Ulegevu huo wa maana umetufaa sana katika barua pepe, ambako hakuna kitu kinachogusana na kingine. Barua pepe za mwanzo ziliundwa kubeba maandishi matupu. Tarehe 11 Machi 1992, Nathaniel Borenstein, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani aliyebuni pamoja na Ned Freed utaratibu unaoitwa MIME, alituma ujumbe uliobeba picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne, na ujumbe huo huhesabiwa kuwa wa kwanza wenye kiambatisho cha utaratibu huo unaotumika hadi leo. Utaratibu wenyewe huigeuza faili kuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, ukautia ndani ya ujumbe uleule, na kuweka mipaka inayoiambia programu ya mpokeaji wapi maandishi yanaishia na wapi faili inaanzia. Kugeuzwa huko huiongezea faili ukubwa kwa takriban theluthi moja, ndiyo maana faili ya megabaiti 9 husafiri kama megabaiti 12 hivi, na ndiyo maana wakati mwingine barua pepe hukataa kwenda ingawa wewe umehesabu ukaona faili iko chini ya kikomo. Pamoja na hayo yote, kwa mwandishi na kwa msomaji ujumbe ndio mkuu na faili ni mfuasi, kwa hiyo kuambatisha ndilo neno lenyewe. Kubandika tumekwisha kulipa kazi nyingine katika kompyuta, ile ya kunakili maandishi mahali pamoja na kuyaweka pengine, na si vyema kulitwisha kazi mbili.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Vitabu vyangu vya rejea ni vya Kiingereza, navyo hutumia 'attach' kila mahali: uzi kwenye kijiti, lebo kwenye chupa, waya kwenye betri, gurudumu kwenye mhimili. Nikiandika "ambatisha" kote, wanafunzi wananitazama kama vile sikusema kitu. Nifanyeje?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana haki. Mtoto aliyekulia Tanga amesikia uzi ukifungwa, lebo ikibandikwa, waya ukiunganishwa na gurudumu likipachikwa tangu hajaanza shule, na anapoambiwa "ambatisha" kwa yote manne anapokonywa habari ambayo lugha yake ilikuwa tayari kumpa. Kitenzi cha Kiingereza hueleza tu kwamba vitu viwili vimeshikana, na hukiachia kifungu cha maneno kinachofuata kazi ya kueleza vimeshikana kwa njia gani. Vitenzi vyetu vingi hueleza mambo yote mawili kwa pamoja. Ukisema bandika, tumekwisha kuona kitu chembamba kikilazwa juu ya uso wa kitu kingine, iwe stempu, tangazo au plasta. Ukisema pachika, tunaona kitu kikiingia mahali pake palipotengenezwa kwa ajili yake, kama jembe na mpini. Chomeka ni kuingiza kitu chenye ncha au chembamba katika uwazi, ndiyo maana tunachomeka shati ndani ya suruali na plagi ukutani. Shikiza ni kukifunga kitu kidogo tu ili kisianguke, kwa pini, kwa kifungo au kwa mishono michache ambayo fundi cherehani ataifumua baadaye. Gongomea na pigilia zina nyundo ndani yake. Angika na tundika zina ndoano, au angalau msumari ukutani.

Kuna jaribio moja ambalo mimi hulitumia ninapotafsiri, nalo halijawahi kunitupa: jiulize kitu hicho kitatolewaje. Lugha yetu ina mpango mzuri wa vitenzi vya kutendua, na kila namna ya kushikanisha huwa na namna yake ya kuachanisha. Kilichobandikwa hubanduliwa, kilichopachikwa hupachuliwa, kilichochomekwa huchomolewa, kilichofungwa hufunguliwa, kilichoangikwa huanguliwa, kilichoshonwa hufumuliwa, na kilichogongomewa hung'olewa kwa nguvu. Ikiwa katika jaribio lako la sayansi mwanafunzi atahitaji baadaye kuondoa waya kwenye betri, usimwandikie "ambatua". Hakuna anayesema hivyo. Mwandikie akate au aachanishe, nawe utatambua kwamba kitenzi cha mwanzo kilipaswa kuwa unganisha. Jamaa wa zamani wa ambata anayetendua yupo, naye ni ambua, lakini kazi yake ni kuondoa ganda au ngozi juu ya kitu, na humo unaiona maana ya kale ya mzizi huo: kilichonata mpaka kikawa kama sehemu ya mwili wa kingine.

Nikupe mfano mmoja kutoka pwani yenu. Mtepe, chombo cha kale cha visiwa vya Lamu na pwani ya jirani, ulikuwa na mbao zilizoshikanishwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari. Nimesoma maelezo ya Kiingereza yanayotumia 'attach' kwa mbao hizo, na nimesoma tafsiri ya Kiswahili iliyosema mbao "ziliambatishwa kwa kamba". Ilinisikitisha, kwa sababu watu waliouunda mtepe walikuwa na neno lao, na neno hilo ni kushona. Mbao zilitobolewa matundu, kamba ikapitishwa na kukazwa tundu kwa tundu, na chombo kikawa kimeshonwa kama nguo. Aliyeandika "ziliambatishwa" ametuondolea ufundi wote na kutuachia matokeo tu.

Kwa hiyo katika maandalio yako ya somo andika: "Funga uzi kwenye kijiti, bandika lebo kwenye chupa, unganisha waya na betri, pachika gurudumu kwenye mhimili." Ambatisha ibaki kwa karatasi, faili na nyaraka.

SWALI: Ninajitolea kama mkalimani katika kituo cha msaada wa kisheria. Mama mmoja mjane alikuja na amri ya mahakama iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye neno 'attachment' na maelezo ya nyumba yake. Nilimwambia kwamba nyumba yake "imeambatishwa". Alirudi nyumbani akiwa na amani, akidhani picha ya nyumba imewekwa kwenye jalada. Baadaye wakili alinieleza kosa langu, nami sijalala vizuri tangu siku hiyo. Neno hilo limetoka wapi, na ningesemaje?
Mkalimani, Mwanza

JIBU: Ndugu mkalimani, pole, na ninakushukuru kwa kuliandika jambo hili waziwazi, kwa sababu wengine watajifunza kwako. Ulipaswa kusema: "Mahakama imeamuru nyumba yako ikamatwe." Kisha ulipaswa kuongeza sentensi ya pili, ambayo nitaieleza hapa chini, kwa kuwa neno kukamata peke yake lingemtisha mama yule kupita kiasi.

Watu wengi hufikiri kwamba maana ya kisheria ya 'attach' ni tawi lililochipuka baadaye kutoka maana ya kushikanisha. Katika Kiingereza mambo yalikwenda kinyume. Neno hilo liliingia humo kutoka Kifaransa cha kale katika karne ya 14 likiwa neno la mahakamani, lenye maana ya kumkamata mtu au mali yake kwa amri ya sheria, na maana ya kufunga kitu kwenye kitu ilizoeleka baadaye. Huko Ufaransa kwenyewe lilikuwa na maana ya kukaza na kufunga, na wanaisimu wengi hulihusisha na neno la kale la Kijerumani lenye maana ya kigingi. Picha hiyo tunaielewa vyema: mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi bado ni wa mwenyewe, bado anakula majani, lakini haendi popote.

Hiyo ndiyo sentensi ya pili uliyopaswa kumwambia mama. Mali inayobebeka ikikamatwa kwa kawaida huchukuliwa na kuwekwa chini ya ulinzi, lakini nyumba au shamba hukamatwa kwa amri inayomzuia mwenyewe kuiuza, kuigawa au kuiwekea dhamana, na inayowazuia wengine kuipokea kutoka kwake. Kukamatwa si kuuzwa. Mnada ni hatua nyingine, ina amri yake na tangazo lake, na kati ya hatua hizo mbili mdaiwa ana nafasi ya kulipa, kuweka pingamizi, au kuionyesha mahakama kwamba mali hiyo haipaswi kuguswa.

Tena nafasi hiyo ya mwisho ni kubwa kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, Sura ya 33, ilitungwa mwaka 1966 kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1908, na ndiyo maana msamiati wake unafanana na wa mahakama za India na za Kenya. Sheria hiyo inataja mali ambazo haziwezi kukamatwa ili kukazia hukumu. Miongoni mwake zimo nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, na pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Sisemi kwamba nyumba ya mama yule imekingwa, kwa sababu deni lenye rehani lina njia zake nyingine, na mimi ni mtu wa lugha. Ninasema tu kwamba mtu aliyeambiwa nyumba yake "imeambatishwa" hawezi hata kuuliza swali hilo, na muda wa kuuliza una mwisho.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na wakalimani kama wewe mna kazi kubwa kuliko zamani. Msamiati mzuri upo na umezoeleka. Kutekeleza uamuzi wa mahakama ni kukaza au kukazia hukumu, anayetumwa kukamata na kunadi ni dalali wa mahakama, na pale mdai anapohofia kwamba mdaiwa ataitorosha mali kabla kesi haijaamuliwa, anaweza kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu. Katika jalada hilohilo utakuta pia nyaraka zilizobandikwa nyuma ya hati ya kiapo, na hizo ndizo viambatisho. Maneno yanakaa karibu mno katika Kiingereza. Katika Kiswahili tuyaweke mbalimbali.

Kuna jambo moja linalonifurahisha katika habari hii, nami naomba uniruhusu nilitaje. Tazama vitenzi kamata na ambata, kisha uongeze fumbata, kumbatia na pakata. Vyote vina kipande kilekile, -at-, ambacho ni kiambishi cha kale cha lugha za Kibantu kinachoonyesha kugusana na kushikana kwa uthabiti. Fumba mkono, kisha ufumbate sarafu, nawe utausikia mguso ukiongezeka. Kwa hiyo mahakama inayokamata na karatasi inayoambata zina undugu katika Kiswahili pia, ila wazee wetu waliwapa ndugu hao majina tofauti.

SWALI: Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Katika mafunzo tulifundishwa 'attachment' nzuri wakati wa kunyonyesha. Mwezi uliofuata alikuja mkufunzi mwingine akatufundisha 'attachment' kati ya mtoto na mama, nasi tulikaa saa nzima tukidhani anazungumzia kunyonyesha. Tutofautishe vipi?
Muuguzi, Kigoma

JIBU: Dada yetu, mafunzo hayo ni mawili kweli, na yanastahili majina mawili.

La kwanza ni rahisi. Hapo linalozungumzwa ni jinsi mdomo wa mtoto unavyolishika titi, na mimi ningesema "kumweka mtoto kwenye titi" au "mtoto kulishika titi vizuri". Dalili mlizofundishwa zinasemeka bila neno lolote la kigeni: mdomo wa mtoto umefunguka wazi, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, kidevu kinagusa titi, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Kumpakata ni jambo jingine, linahusu mwili wa mtoto na mikono ya mama.

La pili ni dhana ya elimu ya saikolojia, iliyojengwa na daktari Mwingereza John Bowlby, na baadaye na Mary Ainsworth. Huyu Ainsworth tuna haki ya kumjua vizuri kuliko tunavyomjua, kwa sababu utafiti wake wa kwanza wa aina hiyo aliufanya Uganda, katika miaka ya 1954 na 1955, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alizitembelea familia 26 za Waganda tena na tena kwa miezi kadhaa, akikaa na akina mama majumbani mwao na kutazama watoto wanavyoishi nao. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye imani na mama yake hajikunji mapajani mwake kutwa nzima. Hutambaa akaenda kuchunguza vitu, akageuka kumtazama mama, akaendelea, na akiogopa hurudi. Mama ni kituo anachotokea na kukirudia. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1967, miaka miwili kabla Bowlby hajachapisha juzuu yake ya kwanza kuhusu jambo hilo.

Kwa sababu hiyo ninawasihi msitumie kuganda. Tunaposema "mtoto amemganda mama yake" tunalalamika kidogo, tunamwona mtoto asiyetaka kushushwa hata mama akitaka kupika, na hiyo si hali aliyoisifu Ainsworth. Mshikamano ni neno zuri lakini limezoea mambo ya umma, ya wafanyakazi na ya mataifa. Mazoea ni hafifu mno, kwa kuwa mtoto huzoea hata kelele za barabarani. Mimi nimekaa na maneno haya kwa muda mrefu na nimetua kwenye "mfungamano wa mtoto na mlezi wake". Kufungamana kuna pande mbili, kama nyuzi zilizosukwa pamoja, na ndivyo ilivyo kati ya mtoto na anayemlea, maana mama naye hufungwa na kilio cha mtoto wake hata akiwa chumba cha pili. Nimeandika mlezi kwa makusudi, kwa kuwa katika nyumba zetu mara nyingi ni bibi, shangazi au dada mkubwa.

Mkiwa kliniki na mama aliyechoka, hamna haja ya nomino yoyote. Muulizeni: "Mtoto akiogopa, anamkimbilia nani?" Atawajibu mara moja.

SWALI: Sisi wanafunzi wa vyuo vya Kenya husema tunaenda 'attachment'. Binamu yangu wa Morogoro anasema anaenda "fildi". Neno la kuandika katika ripoti ni lipi?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Andika "mafunzo kwa vitendo" au "mafunzo ya kazini", nawe utaeleweka Eldoret na Morogoro. Usiandike utarajali, kwa sababu hilo ni kwa aliyekwisha kuhitimu, kama daktari anayefanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kupata usajili kamili. Ukitaka kitenzi cha kueleza kwamba chuo kilikupeleka katika kiwanda fulani kwa muda, ningekushauri ujaribu shikizwa: "Nilishikizwa katika idara ya umeme." Tanzania ina shule shikizi, shule ndogo zilizowekwa karibu na makazi ya watoto wadogo huku zikisimamiwa na shule mama iliyo mbali zaidi, na jina hilo limeeleweka na wazazi bila mtu kuwafafanulia. Nadhani aliyelibuni alikumbuka mshono wa fundi, ule unaoshika kwa muda bila kukazwa.

SWALI: Katika taarifa ya habari nilisikia "mwambata wa kijeshi" wa ubalozi. Je, huyu naye ametoka katika neno lilelile?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Naam, ametoka humo kwa njia ya Kifaransa, ambako jina la cheo hicho humaanisha mtu aliyeambatishwa kwenye ubalozi. Yeye si balozi wala hana ubalozi wake, bali ameongezwa kwenye ujumbe wa kidiplomasia kwa sababu ya utaalamu fulani, uwe wa kijeshi, wa biashara au wa utamaduni. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia unairuhusu nchi mwenyeji kudai majina ya waambata wa jeshi la nchi kavu, la majini na la anga yapelekwe kwake kwanza ili iyakubali, sharti ambalo halikuwekwa kwa watumishi wengine wa kawaida wa ubalozi. Wingi wake ni waambata, na wanahabari wanaoandika "maambata" wanamtoa mtu huyo katika ngeli ya watu bila sababu.